Malalamiko Kuhusu Ubongo Uliotikisika

Kwa Daktari wa zahanati iliyo mkabala na kituo cha mafuta,

Pokea salamu zangu, pamoja na heshima kidogo iliyosalia baada ya ulichonifanyia. Mimi ni seremala mwenye karakana ya milango na madirisha. Juma lililopita nilikuletea mdogo wangu, ambaye kazini tunamwita Kimbaumbau, baada ya ubao kuteleza kutoka juu na kumgonga kichwani. Alizimia kidogo, akazinduka, akauliza nani amezima taa, ilhali ilikuwa mchana. Sisi tulicheka. Wewe nilipokusimulia hukucheka, na matatizo yangu yakaanzia hapo. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Hukumfunga hata bendeji. Ulimmulika macho kwa kitochi, ukamtembeza kwenye mstari, ukatangaza kwamba ubongo wake umetikisika. Daktari, karakanani kwangu kila kitu kinatikisika kutwa nzima na hakuna kilichowahi kupewa likizo. Mgonjwa asiye na bendeji wala mkongojo nimweleze kwa nani? Wateja wakimwona amekaa kivulini wanadhani nimeajiri bosi.

2. Uliagiza kwanza apumzike, asikodolee simu macho, akae mbali na kelele na mwanga mkali, kisha arudi kazini kidogo kidogo, na kichwa kikianza tena kumuuma apunguze. Hiyo kidogo kidogo ni kipimo gani? Mimi sijawahi kumpelekea mteja mlango kidogo kidogo.

3. Mke wake, shemeji yangu, ameyashika maneno yako kama amri ya jeshi. Amezima redio, amefunga mapazia, na watoto wake mwenyewe anawanong'oneza. Nilipokwenda kumchukua mumewe alisimama mlangoni akaniambia, "Shemeji, kichwa hiki ni chetu sote. Kiache kipone." Nikamjibu kwamba kichwa hicho nilikijua kabla yake. Nikaondoka nacho, na mwenyewe nyuma yangu.

4. Tangu akusikilize wewe, Kimbaumbau amejifunza kuumwa. Mashine ya randa ikiwaka anaziba masikio. Amepima fremu moja mara mbili akapata vipimo viwili, akaketi kwenye vumbi la mbao akalia, mtu mzima na ndevu zake. Leo asubuhi amepepesuka, akajigonga tena kichwa kwenye boriti, na tena kidogo tu. Najua ulituonya kwamba pigo la pili kabla la kwanza halijapona ni la hatari. Huko ndiko kumtia mtu woga kwa kalamu ya serikali. Nilimpa maji, nikamhamishia kwenye kupiga msasa, ili uone kwamba nami nina huruma.

5. Kwa hiyo naomba uufute ugonjwa huu. Ukishindwa, umwandikie mwingine unaoonekana kwa macho, hata jipu. Ukishindwa na hilo, uje mwenyewe ushike ncha ya pili ya ubao mpaka ubongo wake utulie. Ovaroli ipo, ingawa imechanika kwenye kwapa.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na yule mama wa mapokezi aliyeniambia nipunguze sauti.

Ni mimi niliyekosewa,
Seremala, kaka wa mgonjwa.

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha. Kimbaumbau ameweka msasa chini, akaniuliza kwa upole kama mama ameshakula. Mama tulimzika tukiwa wadogo. Nikadhani ni mzaha, nikamuuliza tena, akarudia vilevile, kisha akatapika, akatapika tena. Sasa anasema kichwa kinampasuka, na ulimi unamwia mzito. Tumo kwenye teksi, tunakuja. Shemeji amemlaza mapajani. Nilipokupigia simu umeniambia niandike kila nilichokiona tangu ajigonge, nisifiche kitu. Karatasi niliyonayo ni hii tu. Tafadhali, Daktari, anza kusoma hapa.