Kulwa Anasugua Uso

Jumapili, 6 Julai

Leo baada ya misa mwalimu mpya wa kwaya, Bwana Chenge, alitusalimia mlangoni mwa kanisa, mimi na pacha wangu Doto. Mimi alinipa shikamoo. Kwa Doto alisema habari za asubuhi, dada. Kisha akaniambia nina bahati kuwa na binti anayenisindikiza kanisani. Chenge mwenyewe ana ndevu nyeupe. Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini? Shikamoo ikishatolewa hairudishwi.

Doto alicheka njia nzima.

Tunatimiza miaka sitini Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Ukoo wote utakusanyika Kisesa kwa baba mdogo Masele. Kutapigwa picha. Itatundikwa kwenye kuta za watu, na wajukuu watauliza yule bibi aliyekaa na Doto ni nani. Sikubali. Ni kweli mimi ndiye Kulwa, nilitangulia kuzaliwa. Lakini nilitangulia kidogo tu. Sikutangulia kizazi kizima.

Mpango: kuipata siri ya Doto. Muda upo. Akili ninayo.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kwa Doto, Nyakato, na sato mkubwa. Alishangaa. Siku zote humpelekea dagaa. Nikaomba kwenda msalani. Nikafunga komeo, nikaanza ukaguzi. Sabuni ya kawaida. Mafuta ya nazi. Kitambaa laini cha pamba. Kofia pana imening'inia nyuma ya mlango. Na kopo la unga laini wa njano. Nikanusa. Dengu.

Doto si mjinga. Alijua nitakuja. Ameweka dengu ili anipoteze. Nikachota kiasi kwenye leso kwa ajili ya ushahidi.

Doto akagonga, akauliza kama tumbo linaniuma. Nikasema linauma. Akanichemshia tangawizi kali, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Nyumbani mume wangu, Shigela, aliukuta unga mezani akauliza kama ni wa bajia. Nikakaanga. Bajia zilikuwa nzuri. Siri bado haijapatikana, lakini nimeshakaribia.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata jibu mwenyewe, bila kumwuliza mtu. Tangu usichana ninaanika dagaa ufukweni na kuwauza soko la Mwaloni. Jua limenipiga juu na mchanga umenipiga chini. Ngozi imejijenga tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa wali. Chini ya ukoko sufuria bado inang'aa. Na ukoko hautoki kwa kubembelezwa.

Nimechanganya sukari, ndimu na magadi kidogo. Nimesugua uso mzima kwa nguvu zote. Sehemu sugu, paji la uso na pembeni mwa pua, nimetumia jiwe la kusugulia visigino. Uso uliwaka moto. Vizuri. Dawa isiyouma inafanya kazi gani?

Kioo kinaonyesha mng'ao. Shigela anasema nafanana na mtu aliyetoka msibani. Shigela hajui mambo ya ngozi. Nitarudia asubuhi na jioni.

Ijumaa, 11 Julai

Ngozi inabanduka. Ndiyo dalili ya ushindi. Ya zamani inaondoka, mpya inakuja.

Sokoni wateja watatu wameniuliza kama nilianguka na bodaboda. Nikawajibu kwamba ni urembo. Wakanipa pole. Vumbi la dagaa lilipeperuka likanitua usoni, na dagaa wangu wana chumvi. Niling'ang'ania meza. Jirani yangu wa meza, Modesta, akasema nirudi nyumbani, jua lile halifai kwa uso uliochunika. Modesta ni mshindani wangu wa biashara, kwa hiyo sikurudi.

Jioni nimesugua nusu tu, kwa sababu shavu la kushoto limekataa kuguswa. Shigela anasema nimekuwa kiazi kilichomenywa na mtu mwenye haraka. Nimemwambia asubiri Jumamosi ya picha.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda kanisani nimejifunga kitenge hadi chini ya macho. Nilikuwa nimesahau kwamba leo ni misa ya wagonjwa.

Chenge aliniona nikiingia. Akaja mbio, akanishika mkono, akanipeleka benchi la mbele pamoja na wazee wenye magongo. Nilijaribu kumweleza kwamba mimi ni mzima. Akasema ndivyo hivyo mama, imani kwanza. Mzee wa kulia akaniuliza nimeteseka tangu lini. Nikasema tangu Jumatano. Akatikisa kichwa akasema inaanzaga hivyo hivyo.

Padri alifika kwangu. Kitenge kikabidi kifunguliwe. Padri akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama wengine, akanipaka mafuta matakatifu kwenye paji la uso na viganjani. Nakiri kwamba paji la uso lilipoa. Ndiyo nafuu ya kwanza wiki hii yote.

Nilipogeuka nikamwona Doto kwenye viti vya kwaya. Safari hii hakucheka. Alikuwa analia. Alidhani nina ugonjwa ambao nimemficha.

Jumatatu, 14 Julai

Doto amefika kabla sijanywa chai. Ana beseni, kitambaa na kopo lake. Akamwambia Shigela atupishe. Kisha akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

“Nani amekufanyia hivi?”

Nikasema mimi mwenyewe.

“Kwa nini?”

Nikamweleza kuhusu Chenge, picha, ukoko na sufuria. Sikumweleza kuhusu bajia.

“Kulwa, ngozi ya umri wetu ni kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Bado inapendeza, ila imekuwa nyepesi. Ukiipiga kwenye jiwe inachanika.”

Nikamwambia anipe siri basi, mchezo umekwisha.

“Siri ipi? Unga wa dengu uliochekechwa, na maziwa mgando. Mara moja kwa wiki. Unazungusha kwa vidole bila kukandamiza, kama unampaka mtoto mchanga mafuta. Unaosha kwa maji ya vuguvugu, unapaka mafuta, ukitoka unavaa kofia. Basi.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza. Uliomba kwenda msalani.”

Alinikataza kusugua chochote mpaka uso upone kabisa. Akaniosha kwa maji yaliyopoa, akanikausha kwa kugusa tu. Mikono ya Doto ni miepesi. Imeshika vitambaa miaka yote, na darasani alikowafundisha wasichana kushona jua halikuingia. Alinikumbusha kwamba baba alipofariki nafasi ya chuo ilikuwa moja, na mimi ndiye niliyesema aende yeye. Mimi nikashuka ufukweni.

“Kila nikiona uso wako naona ada yangu,” alisema. “Wewe unataka kuusugua uishe.”

Nikaangalia beseni.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Hapendi kuitwa dada. Kwenye vikao vya ukoo mimi huwekewa kiti na huulizwa maoni. Yeye hutumwa maji. Ana miaka sitini na hajawahi kupewa shikamoo ya maana nje ya darasa lake.

“Ningekuwa na uso wako,” alisema, “wangenisikiliza.”

Nilimhurumia kweli. Nikamshika mkono. Baada ya muda unaofaa nikamwuliza maziwa ni ya ng'ombe wa kienyeji au wa kisasa.

Jumamosi, 19 Julai

Kisesa. Uso umetulia kwa kiasi kikubwa, umebaki na mabaka mawili matatu. Nimevaa kofia ya Doto.

Nilikuja na mpango, na huu ulikuwa mzuri kuliko yote. Kabla chakula hakijapakuliwa nilisimama nikautangazia ukoo kwamba kuanzia leo Doto hatumwi maji na mtu yeyote, na kila aliyezaliwa baada yetu ampe shikamoo yeye kwanza, kwa magoti kama mila inavyotaka. Watu wakaona nina moyo mkubwa. Ni kweli, ninao. Lakini pia nilifikiri kwamba shikamoo za siku moja zina kiasi chake. Zikiisha kwa Doto, kwangu zitafika chache.

Walipanga foleni. Doto aliitikia marahaba mpaka sauti ikakauka. Akapewa kiti karibu na baba mdogo. Ulipokuja ugomvi wa mpaka wa shamba la Bujora akaulizwa maoni, akayatoa. Akaendelea kuyatoa. Chakula kilipoa. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Picha alipiga Gladness, binti wa Doto, kwa simu. Doto alikuwa amechoka, amecheka, mikunjo yake yote imejitokeza. Mimi nilikuwa kivulini, chini ya kofia. Gladness alituonyesha. Tukaitazama. Macho yale yale, meno yale yale, kidevu cha mama kimejirudia mara mbili. Doto akasema, tazama, mapacha.

Halafu baba mdogo Masele aliinua kichwa, akanitazama mimi, akaniita Doto. Akaniambia binti, hebu niletee maji.

Shigela anasema mzee ana mtoto wa jicho, hata ng'ombe wake hawatambui. Hilo ni la Shigela. Mimi nilikwenda mbio, nikaleta mtungi mzima.

Jumapili, 27 Julai

Uso umepona kabisa. Doto ameniletea kopo langu mwenyewe la dengu, ameandika juu yake kwa wino mwekundu: MARA MOJA KWA WIKI, POLEPOLE. Nimefuata neno kwa neno. Nimezungusha vidole bila kukandamiza. Nimeosha, nimepaka mafuta. Kwa kweli uso ni laini na hakuna kilichowaka. Doto ana akili.

Lakini Doto hana biashara. Agosti ni mwezi wa dagaa wengi, sitapata nafasi kila wiki. Kwa hiyo mchana huu nimetangulia kufanya wiki zote za Agosti, moja baada ya nyingine, polepole kama alivyosema. Shavu la kushoto limeanza kuwa jekundu kidogo. Maziwa bado yapo. Baada ya chakula cha jioni naanza Septemba.