Watu Arobaini wa Hiari

Kuanzia Jumatatu, kila mwananchi wa Uluguru aliyelima kwenye chanzo cha maji alitakiwa kujisalimisha kwa hiari. Tangazo lilifafanua kwamba kujisalimisha ni kitendo cha mhusika kujileta mwenyewe bila kushurutishwa, na kwamba asiyejileta atashurutishwa. Kila kata ilipangiwa watu arobaini wa hiari.

Amosi, mtendaji wa kata, aliona mpango umekaa vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba hadi Alhamisi alikuwa amepata mtu mmoja tu, naye alikuja kuulizia mbolea ya ruzuku. Mwenyekiti wa kampeni hiyo, Mheshimiwa George, akapiga simu kutoka mjini: lengo lisipofikiwa kesho, Amosi atafute kazi nyingine. Amosi ana watoto wanne shuleni. Akapanda mlimani kwa Bibi Mwanvita, ambaye wakulima wote humsikiliza.

"Shikamoo bibi. Naomba ujisalimishe."

"Marahaba mwanangu. Na kabichi zangu?"

"Ukijisalimisha unavuna, unasamehewa. Ukikataa zinang'olewa. Ila ujaze fomu kwa ukweli mtupu, hata safu ya saba: ulishirikiana na nani."

"Hata aliyekuwa anakula tu?"

"Bibi, fomu haibagui."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa asubuhi akashuka na wenzake hadi ofisi ya kata, foleni ikafika barabarani. Amosi aligonga mihuri kwa raha zake, wala hakusoma hata fomu moja. Kusoma hakukuwamo kwenye majukumu yake.

Saa nane mchana, mbele ya wageni kutoka makao makuu, Mheshimiwa George alisisitiza kuzisoma fomu mwenyewe, kwa uwazi.

"Mwanvita. Alilima mtoni. Alishirikiana na…" Akakohoa. "Na mtu fulani, anayepelekewa tenga la kabichi kila mavuno, nyumbani kwake mjini, Kilakala, ili asione."

"Jina si lipo hapo? Soma!" wakulima wakapaza sauti.

Akashika nyingine. Kabichi tena. Ya tatu, matunda ya fyulisi. Ya nne ilikuwa mbuzi, na rangi yake imetajwa.

Amosi, mtu wa utaratibu, akamsogezea fomu tupu na kalamu. "Mheshimiwa, niandike umejileta mwenyewe, au tusubiri?"

Mheshimiwa George akakaa, akaandika. Alipofika safu ya saba, aliwatazama wageni wa makao makuu mmoja mmoja, kisha akaomba karatasi ya ziada.

Mgeni rasmi akaanza kumuulizia dereva wake.