Osée wa Isangi na Vita vya Sindano ya Tatu

Nyamazeni kidogo, enyi watu wa Makiso na Mangobo, nanyi wa Lubunga mnaongoja pirogi iwavushe kutoka upande wa pili wa mto. Tueni mizigo, zimeni redio, mkae. Nataka kuwaeleza habari za Osée wa Isangi, mwana wa wavuvi, mwenye mabega mapana kama ubao wa kuanikia samaki, msomaji asiyechoka wa masomo ya kilimo, ambaye katika mwaka ule wa barakoa alisimama mbele ya lango la chuo akaushinda utawala wote kwa asubuhi moja, bila jiwe, bila fimbo, na bila kupandisha sauti. Alikuwa kaka yangu. Mto ulimchukua msimu wa mvua uliopita, katika njia ya Yanonge, na tangu hapo watu humtaja kwa kifo chake tu. Mimi namtaja kwa vita vyake.

Vita vile vilianzia kwenye ubao wa matangazo. Siku moja ilibandikwa amri yenye muhuri mwekundu, ikisema kwamba kila mwanafunzi atadungwa sindano ya tatu ya korona Jumamosi, hapo hapo chuoni, na kwamba mkono usiodungwa hautashika kalamu katika mtihani wa Jumatatu. Umati ulisoma, umati ukanung'unika, umati ukaenda zake kutafuta ndizi za kuchoma. Osée peke yake alibaki mbele ya ubao, kama jemadari anayetazama moshi wa jeshi la adui.

Wala msidhani aliogopa sindano. Ya kwanza aliipokea, ya pili aliipokea, tena kwa miguu yake mwenyewe. Lakini ile ya pili ilimwangusha kwa homa, akalala siku kadhaa akiniita kwa jina la bibi yetu na kuniuliza kama nyavu zimekwisha kutolewa majini. Sasa homa kama ile ikimkuta Jumatatu, mtihani ungempita, na mtihani ukimpita, mwaka mzima ungeanza upya. Na mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Baba yetu alikuwa amekwisha kuutangaza kanisani kule Isangi, watu wakapiga makofi, na baba si mtu wa kusimama mara ya pili mbele ya wavuvi wale wale na kuwaambia wangoje tena. Basi Osée alitaka jambo moja dogo: aachwe afanye mtihani kwanza, kisha aulizwe.

Akapanda ngazi za ofisi. Ofisi ya kwanza ikamtuma kwa ya pili, ya pili ikamwambia bwana ametoka, ya tatu ikamrudisha kwa ya kwanza. Mwisho akamfikia Bwana Hilaire, Katibu wa Masomo, mlinzi wa mihuri, mwenye koti la vifungo vitatu ambalo halijapata kuvuliwa hata katika jua la saa nane. Bwana Hilaire alimsikiliza akiwa amesimama, maana yeye aliamini kwamba mtu akikaa amekwisha kukubali nusu, akamjibu kwamba amri ni amri na kwamba homa haikutajwa ndani yake.

Ndipo likakutana baraza la vita katika ua wetu, mbele ya sahani ya lituma, ndizi zetu za kupondwa. Alikuwapo Nadia, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa komini ya Kisangani, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wa baba yake, ambaye darasa lake lilimchagua kuwa msemaji kwa sababu walimu walimwogopa. Nadia alisema lango lizibwe Jumamosi alfajiri, watu wasipite mpaka Katibu akubali kuongea. Lizibwe kwa kitu gani? Meza ni za chuo, tungeitwa wezi. Mawe yangeita polisi. Matairi yananuka. Osée akawaza kwa akili ya mtoto wa mtoni, ambaye ameona baba yake akifunga kijito kwa vijiti na majani ili samaki wasipite, akasema tukate matawi ya mchikichi.

Hapo tulikosea, na kosa lenyewe ni la kwetu kabisa. Kila mtu wa mji huu anajua maana ya matawi ya mchikichi yakilazwa barabarani: hapa kuna msiba, shuka, pita polepole. Sisi pia tulijua, tumeyalaza wenyewe mara nyingi. Lakini asubuhi ile hasira ilitufumba macho. Tulipoyapanga mbele ya lango tuliona boma, hatukuona matanga.

Kukapambazuka. Wa kwanza kufika mbele ya ngome yetu alikuwa mwenye baiskeli ya toleka, ile ya kubeba watu kwa malipo, na abiria wake nyuma. Tukajiandaa kumzuia. Yeye alishuka, akamshusha abiria, akainamisha kichwa, akapita akiisukuma baiskeli kimya kimya. Wa pili akafanya vile vile. Papa Mohamadi, mlinzi wa lango, ambaye tulimhesabu kuwa adui, alivua kofia akaenda kuleta viti vya plastiki. Osée akanitazama, nami nikamtazama: ndipo tukakumbuka maana ya matawi.

Kisha likaja jeshi lenyewe. Maman Fortunée wa mtaa wa nyuma, mkuu wa kwaya, mshindi wa misiba yote ya upande ule, alitokea akiwa na kiti kichwani na chupa ya kahawa mkononi, na nyuma yake wamama wenye kuni, masufuria na turubai. Walikaa chini, wakalia kwanza kama inavyopasa, na walilia vizuri. Hata Nadia alijikuta anafuta macho. Wauguzi nao wakafika na kisanduku chao cha barafu chenye chanjo. Walipoona msiba wakakisukuma chini ya kiti, wakapokea kahawa.

Na jua lilipoanza kuuma, ikaja jeep ya Bwana Hilaire. Aliyaona matawi, akaisimamisha mbali. Alifunga kifungo cha juu cha koti, akaukunja uso wake kwa huzuni ya heshima, akapita akitoa pole kwa kila mkono uliomfikia, na alipopewa kiti cha mbele, kile cha wakubwa, akakaa. Naam, akakaa. Na mtu akikaa matangani hasimami mpaka asikie neno la familia. Hivyo ndivyo ilivyoanguka ngome ya adui, naye mwenyewe akiwa bado anakoroga sukari.

Akauliza kwa sauti ya chini msemaji wa familia ni nani. Nadia akamsukuma Osée mgongoni.

Osée akasimama.

“Papa Katibu,” akasema, “na ninyi bamaman, pole kwa mwendo. Hapa hakuna mutu amekufa.”

Maman Fortunée akaiweka chini chupa ya kahawa.

“Weye mutoto,” akasema, “mimi nimelia na sauti yote. Kesho iko misa, na niko na solo. Donc utasema sasa neno lenye kufaa haya machozi, ao nitakulilia weye.”

Wamama wakacheka, na kicheko kile kilimpa Osée nguvu. Akageuka kwa Bwana Hilaire.

“Papa, sisi hatukatale sindano. Benye kuitaka, baipate leo, tena tutabapisha mbele. Mimi nilipata mbili, ya pili ilinilalisha na homa. Jumatatu niko na mtihani wa mwisho wa maisha yangu hapa. Niacheni niandike, kisha muniulize. Ule mukono ni wa chuo, ao ni wangu? Kama ni wangu, mutu anapiga hodi mbele ya kuingia. Ni ile tu tunaomba: hodi.”

Bwana Hilaire akajibu kwa hotuba ndefu, yenye taifa ndani yake, na sayansi, na wazee wanaopaswa kulindwa, na mengi katika hayo yalikuwa kweli. Osée mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Kisha Katibu akataka kusimama aondoke. Maman Fortunée hakupandisha sauti.

“Papa, uko umekunywa kahawa ya matanga,” akasema. “Kaa. Familia imesema. Haujajibu familia.”

“Maman, matanga gani? Hakuna maiti.”

“Alors ulitoa pole kwa nani?”

Muuguzi Solange, mmoja wa wale wa kisanduku, aliyekuwa amekalia mguu wake mmoja kwa kukosa nafasi, akasema tu kwamba barafu inayeyuka, waamue. Nami nawaambia, Bwana Hilaire alitazama lile lango, akawatazama wamama walioketi kama mlima usio na njia ya kupita, akawatazama wanafunzi waliosimama nyuma yao bila kelele, na polepole, kwa mkono wa mtu anayesalimisha mji, akafungua kifungo cha kwanza cha koti. Kisha cha pili.

Akasema, akiwa bado amekaa, kwamba Jumatatu wote wataandika mtihani, aliyedungwa na asiyedungwa. Anayetaka sindano ataipata leo. Anayetaka kungoja atangoja mpaka baada ya mitihani. Na hakuna mkono utakaoguswa bila mwenyewe kuulizwa. Papa Mohamadi akaenda kuibandua amri ubaoni kwa ukucha wake, na Maman Fortunée, ambaye hakupenda kupoteza safari, akaanzisha wimbo.

Wengi walidungwa siku ile ile chini ya turubai, Nadia wa kwanza, maana alisema yeye hakupigania kukataa, alipigania kuulizwa, na sasa ameulizwa. Osée alirudi nyumbani kusoma. Jumatatu aliandika mtihani bila homa, mpaka wino ukamchafua vidole, na mwaka ule baba yetu hakulazimika kuwaambia wavuvi wangoje.

Mitihani ilipokwisha, kaka yangu aliniambia nimsindikize kwenye kituo cha afya. Tulikwenda kwa miguu. Muuguzi Solange alikuwa peke yake pale. Alimtambua, akacheka, akachukua pamba, halafu akasita, akaiweka chini. Akamtazama machoni.

“Osée,” akasema, “unakubali, ao hapana?”

Enyi watu wa Makiso na Mangobo, na ninyi wa ng'ambo, miji imejengwa na kubomolewa kando ya mto huu, na wakubwa wengi wamepita hapa na bendera zao bila kumuuliza mtu yeyote lolote. Lakini siku ile, katika chumba chenye harufu ya dawa, mtoto wa wavuvi wa Isangi aliulizwa habari ya mkono wake mwenyewe, na mtu aliyevaa koti jeupe akangoja jibu. Alijivuta akakaa wima kama mfalme anayepokea wajumbe. Akajibu.

Mimi nilikuwa kando yake, nilisikia alilosema. Lakini lilikuwa jibu lake, na sitalitoa.