Nyusi Zisizo na Adabu

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi ya kwaya. Nimeimba ubeti wa toba kwa moyo wote: macho nimeyatoa, nyusi juu, mkono kifuani. Kama wale waimbaji wa opera wa kwenye simu, wanaokufa dakika kumi huku wanaimba. Mwalimu akasimamisha kinanda. Akaniuliza kama tumbo linaniuma. Akasema ibadani mwimbaji hajionyeshi, anayapisha maneno yapite. Nisipotuliza uso kufikia Jumapili, solo anapewa Sanamu. Sanamu! Karani wa posta, uso kama bahasha iliyofungwa! Thubutu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejifunza utulivu dukani kwangu, ninaposhona nguo, mbele ya kioo cha wateja. Mama aliyefuata gauni lake aliniona, akaachia pochi, akauliza tunazika lini. Nyusi zikapanda zenyewe. Hazina adabu, nyusi hizi. Mke wangu anasema nimfikirie Mungu, niache kufikiria nyusi. Hajui muziki.

Ijumaa, 7 Machi
Dawa nimeipata! Shemeji ni daktari wa meno. Nimemwomba sindano ya ganzi.
"Shemeji, ganzi si poda," akasema. "Sidungi mtu bila jino bovu."
Nikapanua kinywa. Akagonga gego la mwisho, akasema hilo lingeweza kungoja hata mwaka. Nikasema halingoji. Ataling'oa Jumapili, kabla ya ibada.

Jumapili, 9 Machi
Gego limetoka. Uso umelala fofofo! Nilisimama mbele ya waumini nimetulia kama maji ya mtungini. Mwalimu akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. Nikaanza. "Unisamehe" ikatoka "unithahehe." Udenda ukashuka hadi kwenye joho, mimi sina habari. Mstari wa mbele wakacheka, kisha kanisa zima. Sanamu akanifuta kidevu, akaimba yeye. Hakupepesa hata kope. Vicheko vikakatika. Mke wangu akafumba macho, machozi yakamtiririka. Nadhani ni aibu juu yangu, maskini.

Jumatano, 12 Machi
Kwaya imenirudisha mstari wa nyuma. Haidhuru! Kikundi cha opera kinatafuta waimbaji, nami nimekwenda kujaribiwa. Mwongozaji kaisifu sauti, ila anasema uso umekufa. Shavu bado limevimba, sikumwambia kwa nini. Anataka niigize mtu aliyefiwa na mchumba, nilie kweli kweli. Kanipa hadi Jumamosi.
Nimenunua pilipili kali robo kilo. Mke wangu kauliza nani atazila zote hizo. Nimemwambia sanaa haielezwi.
Naanza na jicho la kushoto.