Mteremko Mtupu Hadi Baharini

Ndugu Mkurugenzi wa Idara ya Utalii wa Magurudumu Mawili, ambaye kiti chake nilikikalia miaka ishirini na sita na mpaka leo kina umbo langu. Ndugu Naibu Mkurugenzi. Ndugu Kaimu Naibu, anayekaimu nafasi ya yule aliyekuwa akikaimu. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu, na Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kuratibu Kamati ya Uratibu. Bibi Karani Mkuu mstaafu, ambaye naona umeketi karibu na mlango kama mtu mwenye akili timamu. Fundi wetu wa baiskeli, maarufu kwa jina la Spoku. Muuguzi wangu, uliyesimama nyuma yangu umekishika kiti cha magurudumu kana kwamba nitakitoroka. Wapanda baiskeli wanane wa msafara wa maadhimisho, mliovaa kofia ngumu ndani ya ukumbi usio na hatari yoyote isipokuwa hotuba. Na wewe mjukuu wangu, mwalimu wa kemia, uliyeketi miongoni mwao, wa pili kutoka kushoto. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na yeyote niliyemsahau ajihesabu kuwa amezingatiwa kimya kimya. (Makofi.)

Daktari wangu ameniruhusu dakika tano. Nimemweleza kwa heshima zote kwamba katika utumishi wangu wa umma sijawahi kuomba hata glasi ya maji kwa dakika tano. Aliniambia na mambo mengine, kuhusu mapafu yangu na muda uliobaki, ambayo kwa lugha ya idara tungeyaita makadirio ya awali, ila yeye hakuyaita hivyo. Alisema tu, "Mzee, kama kuna la kusema, liseme mwezi huu." Kwa hiyo nimekuja kulisema, kabla bendera hii niliyokabidhiwa haijapungwa, na kabla basi lile linalonguruma pale nje halijawapeleka wanane hawa na baiskeli zao juu ya milima ya theluji na kuwashusha huko. (Makofi. Muuguzi: "Kaa basi, Mzee." Mzungumzaji hakai.)

Mabibi na mabwana, Mradi Mtambuka wa Ziara ya Kujiongoza kwa Baiskeli Kutoka Milima ya Theluji Hadi Ufukweni, kwa kifupi MMZKBKMTHU, kifupisho ambacho hakuna aliyewahi kukitamka mbele ya wageni akabaki na heshima yake, ni mradi ambao, ukiutazama kwa jicho la kimkakati, na ukizingatia mnyororo wa thamani, ushirikishwaji wa wadau, na upembuzi yakinifu uliofanyika juu ya meza yangu mwenyewe baada ya chai, umeipa idara yetu sifa isiyolingana hata kidogo na kazi tuliyoifanya. Mradi huu unampa mgeni kitabu cha mwongozo chenye kurasa arobaini na uhuru wa siku nane. Anaanzia penye theluji, meno yakigongana. Anateremka katikati ya misonobari. Anapita malisho ya ng'ombe wenye kengele shingoni. Analala katika nyumba za wageni zenye mashuka yaliyopigwa pasi. Na siku ya nane anaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa bahari na kutumbukiza miguu majini. Hana kiongozi wa msafara. Anajiongoza. Na kwa takwimu zilizothibitishwa, hadi sasa wamekwisha kujiongoza watu elfu nne mia nane na kumi na wawili, ambapo asilimia tisini na saba waliridhika, na asilimia tatu waliobaki waliridhika kupita kiasi. (Makofi, vigelegele. Spoku: "Na breki nimezikaza zote, Mheshimiwa!")

Mimi binafsi, kwa ajili ya mradi huu, nilipokea nishani mbili na cheti kimoja chenye fremu, na sasa naambiwa kwamba kuanzia leo njia nzima, toka theluji hadi mchanga, itaitwa kwa jina langu. Nalitazama bango hili hapa juu, naona jina langu limeandikwa kubwa kuliko neno "baiskeli", na kusema kweli zamani ningeagiza liongezwe. (Vicheko vya upendo.)

Hata hivyo, Ndugu Mkurugenzi, katika muktadha wa uwazi na uwajibikaji, sina budi kubainisha kwamba utekelezaji wa mradi huu ulikabiliwa na changamoto za kimuundo, hususan katika kipengele cha uwepo. (Makofi marefu. Mkurugenzi anaandika "kipengele cha uwepo" katika daftari lake na kupigia mstari.)

Tafadhali msipige makofi. Ninachomaanisha ni kwamba tathmini ya kina, niliyoifanya nikiwa kitandani, imedhihirisha kuwa tofauti kati ya mradi ulioandikwa na mradi uliopo ni asilimia mia moja. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Mia kwa mia, Mzee! Hakuna kama wewe!")

Naona sieleweki. Miaka arobaini nimejifunza lugha hii ili nisieleweke, na leo ninapotaka kueleweka inanigomea. Muuguzi, nipe maji. Nitajaribu lugha ya nyumbani.

Njia hiyo haipo.

(Vicheko vikubwa. Mkurugenzi anasimama nusu: "Jamani, utani wa Mzee wetu tumeukosa sana!" Makofi.)

Keti, Ndugu Mkurugenzi. Sitanii, nikitania huwa natoa mfano. Sikiliza. Ramani kubwa ya idara ililetwa ikiwa karatasi tatu: ya milima, ya katikati, na ya pwani. Ukuta wa ofisi yangu, kati ya dirisha na kabati la majalada, ulitosha karatasi mbili. Seremala akaniuliza, "Bosi, niache ipi?" Nikamwambia aache ile isiyo na cha kutazama. Akapigilia milima juu na pwani chini, zikagusana vizuri kabisa kama pacha, na ile ya katikati tukaitandika chini ya sinia la chai. Wiki iliyofuata Bibi Karani akapanda juu ya kiti kupima urefu wa njia kwa uzi wa kushonea, na alipofika kwenye maungio akasita. Bibi Karani, unakumbuka ulichosema?

(Bibi Karani, kutoka mlangoni: "Nilisema, Bosi, huu mto mbona unaanzia hewani? Ukaniambia vuta uzi.")

Nikakuambia vuta uzi, nawe ukavuta. Ndiyo maana kitabu cha mwongozo, ukurasa wa kumi na tisa, kinasema mpanda baiskeli atalala siku ya nne kwenye baridi ya mlima, na saa mbili asubuhi ya siku ya tano atanusa chumvi ya bahari. Watu wengi waliisifu sentensi hiyo kuwa ya kishairi. Haikuwa ushairi, ilikuwa karatasi moja pungufu. Chini ya vikombe vyetu lilikuwapo korongo ambalo ukidondosha jiwe unaweza kufunga kamba za viatu kabla hujasikia mlio. Mito miwili isiyo na daraja. Na kilomita mia moja na tisini za mawe matupu. Lakini kwa ramani ya ukutani safari nzima ilikuwa mteremko mtupu hadi baharini, na kamati iliazimia kwa kauli moja kwamba mgeni hatalazimika hata kukanyaga pedali.

(Vicheko, vichache. Spoku: "Mheshimiwa, breki zangu hazishiki korongo!")

Hakuna breki zinazoshika korongo, Fundi. Usijilaumu.

Mtauliza kwa nini hakuna aliyekwenda kuikagua njia. Alhamisi moja niliwekewa mezani fomu ya utekelezaji yenye visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa "Umekamilika". Kingine kiliandikwa "Bado, eleza sababu", na chini yake palikuwa na ukurasa mzima mtupu wa kuelezea hizo sababu. Nilikuwa na kikao saa nne. Nikatia tiki kwenye kisanduku kisicho na kazi. Tangu hapo hakuna aliyeweza kwenda kukagua, kwa kuwa kwa mujibu wa mwongozo wetu kinachokaguliwa ni mradi unaoendelea, na huu ulikuwa umekamilika kabla ya kuanza. Kila mgeni aliyeandika kuomba nafasi nilimjibu kwa barua nzuri kwamba tunasikitika, nafasi zimejaa. Zilijaa miaka ishirini. Kadiri zilivyojaa ndivyo sifa zilivyovuma, na kadiri sifa zilivyovuma ndivyo ilivyokuwa vigumu kwangu kuzipunguza. Wale watu elfu nne mia nane na kumi na wawili nilisoma namba yao kwenye mita ya maji nje ya choo cha ofisi, siku nilipodaiwa takwimu kwa simu. Na kama kuna anayetaka kujua kwa nini tuliiita safari ya kujiongoza, sababu ni ya msingi kabisa: hatukuwa na mtu hata mmoja anayeijua njia.

(Mkurugenzi, kwa sauti ndogo: "Lakini Mzee, mimi nimefungua nafasi mtandaoni. Watu wamejiandikisha.")

Najua, mwanangu. Ulifanya kazi. Hilo hatukuwa tumelipangia.

(Mjukuu anasimama, kofia ngumu kichwani: "Babu, acha basi. Na nyumba za wageni je? Nimezisoma zote. Ile ya siku ya nne, yenye mapazia ya kijani na saa ya ukutani inayochelewa robo saa?")

Mapazia hayo nani aliyashona?

(Mjukuu: "Sijui. Mimi nitajua vipi… Babu. Ile ni sebule yetu.")

Ni sebule yetu. Ya siku ya pili ni chumba cha mama yako kabla hajaolewa. Ya siku ya sita, "yenye harufu ya mkate na mandhari ya bustani", ni jikoni. Niliandika nyumba saba za wageni bila kuvua kandambili. (Mtu anacheka, anazomewa.) Wewe ulipougua surua nilikusomea kitabu hicho pembeni ya kitanda, kurasa zote arobaini, ukaniuliza, "Babu, ulishakwenda?" Nikasema mara nyingi. Ukaniuliza kama utakapokuwa mkubwa tutakwenda wote. Nikasema nafasi zimejaa, ukalia. Mjukuu wangu, mimi sijui kuendesha baiskeli. Ile picha kwenye jalada, niko juu ya baiskeli natazama mbali, kuna wahudumu wawili wameishika kwa nyuma, na yale macho si ya kutazama mbali. Ni woga.

(Mjukuu: "Mbona hukuniambia nilipokuja kukuonyesha baiskeli mpya?")

Uliponionyesha nilidhani ni ya kwendea shuleni. Nikaisifu kengele.

Sasa nawageukia ninyi saba wengine, na hapa naomba muuguzi asiniguse mkono, maana nikikaa sitasema. Mwaliko wa kuja kupunga bendera niliupokea wiki iliyopita. Niliutafakari kiutawala. Niliona kwamba ninyi mkipotea kwenye korongo lile, itasemekana mlijiongoza vibaya, na mimi wakati huo sitakuwepo kuulizwa. Nikaona ni utaratibu unaofaa. Nikamwambia muuguzi anipigie pasi shati hili. Jana jioni, kwa kunichangamsha tu, akanisomea orodha ya wasafiri, na jina la sita likawa la huyu. Hapo ndipo nilipolikumbuka korongo kama korongo. Ninyi saba mngekwenda. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Hayo mengine ya ramani na mita ya maji yalikuwa utangulizi. (Mpanda baiskeli mmoja: "Asante sana, Mzee," kwa sauti isiyo ya shukrani. Mwingine anafungua mkanda wa kofia yake.)

Nastahili. Hata zaidi ya hapo.

Basi nihitimishe kwa kaulimbiu, maana bila kaulimbiu hotuba haiingii kwenye muhtasari, na hii nataka iingie. Nikisema njia, semeni haipo. Njia! (Wachache: "Haipo.") Wadau, sisikii. Njia! ("Haipo!") Madaraja! ("Hayapo!") Nyumba za wageni! ("Hazipo!" Muuguzi naye ameitikia.) Mheshimiwa! (Spoku peke yake: "Yupo… yupo kidogo.")

(Mjukuu anapita kati ya viti, anafika kwa mzungumzaji, anaichukua bendera mkononi mwake, kisha anatoka nje. Anasikika akigonga dirisha la basi.)

Kwa namna ya pekee kabisa nawashukuru wapimaji wa njia, ambao hawakuteuliwa. Wajenzi wa madaraja, ambao hawakuitwa. Wachoraji wa vibao vya kuelekeza, ambao hawakununuliwa hata kopo moja la rangi. Waandishi wa maoni ya wageni walioridhika, yaani Bibi Karani kwa mkono wa kulia, na Bibi Karani kwa mkono wa kushoto pale mgeni alipokuwa wa kutoka mbali. Na mwenye nyumba zote saba za wageni, marehemu mke wangu, aliyekwenda zake bila kujua alikuwa akipokea watu wangapi jikoni mwake. (Nje, injini ya basi inazimika.) Na wewe dereva, ambaye sijakuona wala sijui kama unanisikia, shukrani zangu za mwisho nikiwa mtumishi wa umma ni kwako: katika miaka yote ishirini ya mradi huu, wewe ndiye mtu wa kwanza kutekeleza jambo lolote.