Ndoo Mbili za Kinyesi cha Kiboko

Jumanne, 4 Machi 2025
Ukapteni wa kilabu uko wazi. Tumebaki wawili: mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, na Wepukhulu, daktari wa mifugo. Mwenyekiti wetu, Mama Celestine, ameamuru tujadiliane Jumamosi: nini hufanya uwanja wa gofu uwe bora kweli? Kisha kura. Wepukhulu anasema ni nyasi. Nyasi! Hata ng'ombe angesema hivyo. Mimi nimesema ni hofu. Nikawaeleza wanachama polepole kwamba mchezaji asiyetetemeka hachezi, anatembea tu.
Siri yangu: miaka kumi sasa naliruka shimo la saba. Liko kando ya ziwa. Kwenye mafunjo pale kuna viboko.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mama Celestine anataka mjadala ufanyike kwenye shimo la saba. Kila mgombea acheze kwanza, ndipo aseme. Wepukhulu alicheka hadi akakohoa. Akaniambia, haya Mzee, hofu yako si hiyo imelala kwenye mafunjo, nenda uisalimie. Chai imenishinda.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Kinyesi kibichi cha kiboko kikionekana karibu na shimo, askari hulifunga siku tatu. Ndiyo kanuni. Basi adhuhuri, viboko wakiwa majini, nikaenda kwenye mafunjo na ndoo mbili. Ieleweke kwamba kiboko hutawanya kinyesi kwa mkia; kukizoa ni kama kuokota dagaa waliomwagika. Nikamwaga ndoo moja shimo la saba. Hapo kitu kikakoroma nyuma yangu. Nilikimbia na ndoo ya pili hadi kwenye bomba la kilabu. Ilifika tupu. Kumbe ina ufa. Si neno.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Oluoch, askari wetu, amelifunga shimo. Mjadala umehamishiwa mbele ya jengo la kilabu, karibu na lile bomba.
Ila Ajwang, mkata nyasi, ameniuliza nani amepanda kinyesi kwa mstari kama maharagwe, kutoka ziwani hadi bombani. Kwao Dunga, anasema, hata mtoto anajua rao, yaani kiboko, hunusa kinyesi ili ajue njia. Nikamweleza kwamba hizo ni hadithi za wavuvi. Akasema sawa Mwalimu, lakini yeye kesho haji kazini.

Jumamosi, 8 Machi
Goti limefungwa bendeji. Nieleze kwa utaratibu.
Saa moja asubuhi, mawingu mazito. Nikasema uwanja bora humkumbusha mchezaji udogo wake. Nyuso zikabadilika. Nikadhani ni ufasaha wangu, nikapaza sauti. Kisha pumzi ya moto shingoni.
Kiboko!
Sikumbuki nilivyopanda juu ya friji la soda. Wepukhulu aliwaambia watu kwa sauti ya chini waingie ndani polepole, wasimzibie njia ya kurudi ziwani. Wakaingia wote. Wakafunga mlango. Mimi nje, dakika arobaini. Nelima, mweka hazina, akaniuliza dirishani kama sasa uwanja umekuwa bora vya kutosha. Wakapiga kura humo humo ndani. Thelathini na moja kwa sifuri. Hata yangu sikuipiga!
Baadaye Wepukhulu aliufuata ule mstari hadi bombani. Akaviangalia viatu vyangu. Hilo linanitisha kuliko kiboko.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari wakati wa mahubiri. Wazo lilikuwa sahihi; mnyama ndiye alikuwa mkubwa mno. Mwalimu mzuri hubadilisha mfano, habadilishi somo.
Wepukhulu ataapishwa Jumamosi ijayo. Mkutano ukivunjika kabla hajaapa, katiba yetu inataka uchaguzi urudiwe. Wekesa wa Mamboleo anafuga nyuki. Amekubali kuniazima mzinga mmoja. Nitauweka chini ya kiti changu, niudhibiti mwenyewe. Anasema ni nyuki wapole sana, mradi pasiwe na kelele.
Kelele itoke wapi? Kapteni akiingia, watu hupiga makofi tu.