Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Nimeapa mbele ya mke wangu: Jumapili mama yake atashuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe. Miezi minne hajatoka ghorofa ya tatu. Goti la kulia linapinda kwa ndani, likichoka linamwangusha. Yeye na rafiki yake kipenzi wa ghorofa ya chini wanaongea kwa kupigiana kelele dirishani. Umbea wa kupigiana kelele si umbea tena! Mimi ndiye mbunifu wa vifaa vya miguu katika karakana ya hospitali. Nisipomsaidia mimi, nani? Mke wangu kauliza kwa nini nisimwachie Bi Rula, mwenzangu wa meza ya pili, anayepima kila kitu mara tatu. Nimenuna hadi chakula kikapoa.

Jumanne, 5 Machi
Tatizo. Kifaa cha kushikilia goti hakitengenezwi bila kuufunga mguu plasta mbichi ili kupata umbo lake, kutoka kifundoni hadi pajani. Paja la mama mkwe! Nimesimama mlangoni kwake na ndoo ya plasta, jasho linanitoka. Kaniuliza kama nimekuja kuziba ule ufa wa jikoni. Nikasema ndiyo. Nikauziba, nikaaga.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata! Mke wangu na mama yake: sura moja, sauti moja, ukali mmoja. Kwa nini mguu usiwe mmoja? Nimemfunga plasta mke wangu. Kasema nina kichaa. Hajasomea, nimemsamehe. Bi Rula kaiona kalibu, lile umbo la plasta, mezani, kauliza goti lililonyooka hivi linatibiwa nini. Nimemwambia aangalie meza yake.

Alhamisi, 7 Machi
Kimekamilika! Plastiki laini, vyuma viwili, bawaba mbili, mikanda minne. Nimeongeza ubunifu wangu binafsi: springi ya kunyoosha goti linapochoka. Nimekibusu. Hakuna aliyeona, isipokuwa Bi Rula.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Mke wangu kamvisha mama yake, mimi nikielekeza huku nimetazama dari. Springi ikafyatuka, mguu ukaruka, kigoda kikaenda mlangoni. Kisha mama mkwe kasimama, kapiga hatua moja, kifaa kizima kikateremka kama soksi iliyolegea. Mke wangu kajaaliwa mapaja; mama yake, kwa kukaa tu, kakonda. Sikuwaza hilo. Mama mkwe hakunigombeza. Kasema basi tuliache, mwanangu, labda goti lenyewe limekwisha, na machozi yakamlengalenga. Heri angenigombeza.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwendea Bi Rula alfajiri. Nimemwambia kuna mgonjwa mgumu, nataka kupima uwezo wake. Kauliza: mkweo? Tukaenda kwa mama mkwe; mimi nikabaki sebuleni, wao wakawa chumbani wanacheka. Dakika ishirini, kalibu tayari! Kasema bawaba zangu zilikaa vidole viwili chini ya goti, na springi ataitupa mwenyewe ili awe na hakika. Tumeshinda karakanani. Mimi nimekunja vyuma, yeye kapima mara tatu. Mara ya nne nilimwomba mimi.

Jumapili, 10 Machi
Ameshuka! Ngazi arobaini na mbili. Mkono mmoja kwenye reli, mwingine begani kwa bintiye, na ghorofa ya kwanza akauondoa begani. Rafiki yake alikuwa chini na viti viwili. Wamekaa hadi jioni wakinong'ona. Nimelia, sioni sababu ya kuficha. Kila mtu kampongeza Bi Rula. Haki yake, ingawa vyuma nilikunja mimi.

Baadaye baba mkwe kanivuta pembeni. Kifundo chake cha kushoto kinamuuma, naye anaona haya kumwonyesha Bi Rula. Nimemwambia asijali, amefika kwa bingwa. Ila kumshika mguu baba mkwe mimi siwezi, sitaki hata kufikiria. Bahati nzuri shemeji yangu mdogo ni baba yake mtupu, hata mwendo. Kesho asubuhi nampima huyo.